Waliosaini Nyuma ya Karatasi

Orodha ya wahitimu watarajiwa ilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye ubao ulio nje ya ofisi ya mitihani, na hadi saa nne ilikuwa imeshapigwa picha, imeshabusiwa na imeshatukanwa. Binti wa msusi aliifuata kwa kidole mara tatu. Namba yake ilikuwepo kati ya namba za watu wa maabara ya tiba, na masomo saba yalikuwa na herufi nzuri tupu. La nane, Takwimu za Afya, lilikuwa na kistari. Pale chuoni kistari kina maana moja tu: siku ya mtihani hukutokea.

Naye alitokea. Alifika nusu saa kabla, akaketi, akaandika saa tatu mfululizo mpaka kidole kikamuuma. Basi akaenda kupanga foleni kwenye dirisha la karani wa mitihani, dirisha lenye tundu lililo chini kiasi kwamba lazima uiname ndipo usikike. Sijui ni fundi gani alilipima, lakini kila anayekwenda pale kudai haki yake huidai akiwa ameinama.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kistari?" Karani hakuinua macho.

"Ndiyo, lakini mtihani nilifanya."

"Kompyuta inasema hukufanya."

"Sasa hiyo kompyuta ilikaa dawati gani, mbona sikuiona?"

Waliokuwa nyuma yake walicheka, na kicheko kile hakikumsaidia hata kidogo. Karani alimtazama kwa mara ya kwanza. "Nenda kwa mhadhiri wako," akasema. "Anayefuata!"

Mhadhiri wa takwimu wanafunzi walimwita Wastani, kwa kuwa hakuwa mrefu wala mfupi, mkali wala mpole. Alimsikiliza binti akiwa amesimama mlangoni, ufunguo tayari mkononi. "Mimi nilipewa vitabu vya majibu arobaini, nikasahihisha arobaini, nikarudisha arobaini," alisema. "Kama chako hakikuwemo, muulize aliyenipa." Aliyempa ni karani. Siku mbili nzima binti alipigwa danadana kati ya milango miwili iliyoachana hatua thelathini, na kila mlango ulimwelekeza kwa mwenzake kwa adabu kubwa.

Msimamizi wa maabara ya hospitali alikofanyia mafunzo ya vitendo alikuwa amempenda kwa umakini wake, na alikuwa amemwahidi kazi. "Nafasi nakushikia mpaka mwisho wa mwezi," alikuwa amemwambia. "Niletee matokeo kamili, usiniletee hadithi." Seneti ya chuo ingekutana Ijumaa ya wiki iliyofuata kupitisha majina. Mwenye kistari siku hiyo angerudia somo mwaka mzima, na kazi ingekwenda kwa mtu mwingine. Binti alikuwa na siku kumi.

*

Baraza la nyumba yao ndilo lililokuwa saluni. Palikuwa na kiti kimoja cha mteja, stuli ya msusi, kioo kilichopasuka pembeni, na mama mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi kuliko vidole. Jumatano jioni alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja mmoja mnene, mcheshi, wakati mumewe aliporudi kazini.

Mumewe alikuwa bawabu wa jengo la utawala pale pale chuoni, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Wanafunzi walimwita Mzee Funguo, kwa sababu pete ya funguo iliyoning'inia kiunoni mwake ilisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Yeye binti yake alimwita "mama", maana binti alikuwa amerithi jina la mama mzazi wa mzee. Leo alikuja anatabasamu, jambo ambalo huwa halifanyi kabla ya kuvua viatu.

"Yamekwisha," alisema.

"Yapi?" mkewe akauliza.

"Ya kistari. Nimezungumza na karani. Muungwana sana yule, tumeheshimiana miaka yote. Keshokutwa mama anakwenda kusaini fomu ya alama zilizochelewa, anawekewa C, jina linakwenda seneti. Basi."

Msusi alipiga kigelegele bila kuachia nywele alizoshika, na mteja akakunja uso kwa maumivu huku naye akisema hongera.

Binti alikuwa amekaa kizingitini anachambua rasta. Akaziweka chini. "C ya nini, Baba?"

"Ya Takwimu. Kwani unadaiwa nini kingine?"

"Kitabu changu wamekiona?"

"Kitabu cha nini tena? Nakwambia unapewa C."

"Nani amesahihisha?"

Mzee Funguo alimgeukia mkewe kama mtu anayeomba mkalimani. Msusi akajaribu. "Mwanangu, C si ugonjwa. Ni herufi kama herufi nyingine. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje."

"Mimi nina mpwa wangu ana D," mteja alichangia, "na ana gari."

"Mama, kazi yangu mimi ni maabara," binti alisema. "Mgonjwa akitoa damu, chupa ikapotea, siruhusiwi kukaa nikamwandikia 'hana ugonjwa' ili aende nyumbani ametulia. Naandika kilichopimwa. Hilo walitufundisha siku ya kwanza, kabla hata ya kutuonyesha choo kiko wapi. Sasa leo mimi niandikiwe kwa kukisia?"

"Ile ni damu. Hii ni karatasi," baba yake alisema.

"Na kwenye ubao nimehesabu vistari kumi na kimoja, vyote vya Takwimu. Wale kumi watawekewa C na nani? Hawana baba mlangoni."

Hapo Mzee Funguo alikasirika. "Unajua nimeomba vipi? Mimi, ninayemfungulia yule mtu ofisi kila asubuhi, leo nimepanga foleni kwenye dirisha lake pamoja na watoto. Nikainama. Nikamwambia asante mara tatu. Halafu wewe unaniuliza habari za wale kumi?" Aliingia ndani na viatu vyake miguuni, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Binti alijisikia vibaya mno. Alimpenda baba yake, na picha ya mgongo wake ukiwa umepinda mbele ya tundu lile ilimuumiza kuliko kistari chenyewe. Mteja akauliza kama bei ya kusuka bado ni ile ile.

*

Alhamisi asubuhi alibandika kikaratasi chini ya orodha: wenye kistari cha Takwimu, tukutane ngazi za maktaba saa sita mchana. Walikuja wanane. Mmoja wao alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na sita, nesi msaidizi aliyerudi shule akiwa na watoto wanne, ambaye darasa zima lilimwita Babu. Hakulichukia jina hilo. Alisema linamsaidia kupewa kiti.

Waliulizana kama wapelelezi wasio na mshahara. Uliingia ukakaa wapi? Huyu mbele, yule dirishani. Uliandika na kalamu gani? Bluu, nyeusi. Ulijaza namba yako? Wote walijaza. Wakaanza kukata tamaa, na msichana mmoja akaanza kulia kimyakimya, kwa sababu mjomba wake alikuwa ameshakata tiketi ya kuja mahafali.

"Mimi tatizo langu ni lile bomba," Babu alisema. "Si mnakumbuka bomba lilivyopasuka ukumbini, tuliokuwa upande uliolowa tukapelekwa safu za mwisho? Karatasi ya mahudhurio ilinifikia imejaa. Msimamizi akaniambia, geuza, saini nyuma."

Wote walimgeukia.

"Hata mimi nilisaini nyuma," akasema aliyekuwa analia.

"Na mimi."

"Na mimi."

Binti aliwatazama mmoja mmoja. Karatasi ile ilikuwa na mistari arobaini upande wa mbele. Wastani alipewa vitabu arobaini. "Jamani," alisema taratibu, "mtu ametoa kopi upande mmoja."

Walikwenda wote hadi mwisho wa korido ya ghorofa ya pili, kwenye Kitengo cha Ubora, ambacho wanafunzi walikiita makumbusho kwa kuwa palikuwa pasafi na hapakuwa na watu. Mkuu wake alikuwa mwanamke aliyeletwa chuoni miezi minane iliyopita kurekebisha mambo ya mitihani. Mama Ubora, kama walivyomwita, aliinuka haraka mno, kama mwenye duka aliyekaa wiki nzima bila mteja.

"Karibuni, kaeni. Viti ni vitatu, mtaniwia radhi. Sijawahi kupata wageni zaidi ya wawili."

Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kijitabu. "Kanuni ya kumi na nne. Mwanafunzi akidai kitabu chake cha majibu, idara itakitafuta na kumjibu kwa maandishi ndani ya siku tano za kazi. Seneti ilipitisha hii."

"Lini?" Babu akauliza.

"Miezi saba sasa."

"Mbona sisi hatukuambiwa?"

"Ilibandikwa."

"Wapi?"

Mama Ubora alivua miwani. "Hapo mlangoni kwangu," alisema, na alipojisikia alivyosema alicheka peke yake, kisha akaacha kucheka. "Ni kosa. La kwangu hilo, nalichukua."

Alipiga simu idarani akataka karatasi halisi ya mahudhurio, akakataa kopi. Ilipoletwa aliigeuza mbele yao. Sahihi kumi na moja zilikuwa pale nyuma, ya Babu kubwa kuliko zote na yenye mkia. Wanane wale walishangilia kama timu iliyosawazisha bao dakika za mwisho, na ukweli ni kwamba walikuwa wamesawazisha tu.

"Msishangilie mapema," Mama Ubora aliwaambia. "Mlikuwepo, hilo limethibitika. Lakini sahihi si majibu. Vitabu visipoonekana mpaka Jumanne, siwezi kumwambia mhadhiri asahihishe hewa. Mtarudia mwaka." Akaandika kitu, akaongeza bila kumtazama yeyote: "Na kama kuna mtu ameahidiwa alama kwa njia nyingine, ajue kwamba akishasaini fomu ile, dai lake linafungwa."

Kwenye korido Babu alimvuta binti pembeni. Habari za C zilikuwa zimeshatembea. Nyumba yenye saluni haina siri. "Dada mdogo, nenda kasaini," alisema. "Sisi hatutakununia. Mimi ningekuwa na baba pale mlangoni, ningekuwa nimesaini jana na leo ningekuwa nimelala."

"Na vitabu visipopatikana?"

"Ndiyo maana nakwambia kasaini."

Ijumaa dirisha lilifungwa saa tisa alasiri. Binti alikuwa amekaa ngazi za maktaba tangu saa saba, anatazama mlango wa ofisi ya mitihani. Aliogopa. Mara mbili aliinuka, akapiga hatua kadhaa, akarudi kukaa. Karani alipotoka na mkoba wake, binti alijua kwamba sasa hana C wala hana kitabu.

*

"Hukwenda," baba yake alisema jioni ile. Hakuwa na hasira tena, alikuwa na uchovu. Baraza lilikuwa halina mteja. Msusi alikuwa anafagia nywele.

"Sikwenda, Baba. Nisamehe."

"Mimi karani nitamtazama na macho gani?"

Binti alimweleza yote: bomba, safu za mwisho, sahihi za nyuma, vitabu arobaini vya Wastani. Alieleza polepole, kwa sababu aliona baba yake ameacha kufungua kamba za viatu na amebaki ameinama tu.

"Huo mtihani ulikuwa wiki ile ya bomba?" Mzee Funguo aliuliza.

"Siku ile ile."

Mzee alianza kuifunga tena kamba aliyokuwa ameifungua. Msusi alisimamisha ufagio, kwa maana hakuwahi kumwona mumewe akifunga viatu jioni.

"Mwisho wa mwezi ule," mzee alisema, "karani alinipa furushi. Jembamba, limefungwa kamba ya katani. Akaniambia, mzee, hivi ni vitabu vitupu, vimezidi, vitupe stoo. Nikavipeleka." Alijifuta uso kwa kiganja. "Kamba ilikuwa imelegea. Cha juu kilifunguka njiani. Kilikuwa kimeandikwa, mama. Wino umejaa mpaka pembeni. Nikakiona kwa macho yangu haya."

"Ukafanya nini?" msusi aliuliza.

"Nikakaza kamba. Nikajiambia kazi ya bawabu ni mlango. Miezi minne napita pale na ufunguo kiunoni, na kitabu cha mwanangu kiko ndani." Akasimama ghafla, akashika pete yake. "Naenda sasa hivi. Zamu ya jioni ni rafiki yangu. Dakika kumi nitakuwa nimekitoa."

"Baba, hapana!" Binti alimshika mkono. "Ukikitoa wewe, watasema nimekiandika jana hapa barazani, Mama akiwa ananisomea. Na watakuwa na haki ya kusema hivyo. Lazima kionekane kikiwa pale kilipo, na wao wakiwepo."

"Basi nifanye nini?"

"Uwaambie."

Mzee Funguo aliketi tena. "Niseme mbele yao kwamba karani alinipa, na mimi niliona nikanyamaza? Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Watanila mzima."

Msusi aliegemeza ufagio ukutani, akaja kukaa karibu naye. Ni yeye aliyepiga kigelegele cha C, na hakuwa amesahau. "Mume wangu," alisema, "wewe mwili wote ni mifupa, watakula nini?" Mzee hakucheka. Msusi akamshika bega. "Tulitaka njia ya mkato sote wawili. Mtoto ametushinda kwa akili, ndiyo maana tulimpeleka shule. Nenda kaseme."

*

Kikao kiliitwa Jumatatu saa nne katika chumba cha Mama Ubora. Viti viliazimwa. Walikuwepo mkuu wa idara, Wastani, karani, mwakilishi wa wanafunzi, na kwa niaba ya wale kumi na mmoja, Babu na binti. Mzee Funguo alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa kuja kubadilisha balbu.

"Kwa heshima zote," mkuu wa idara alisema, "hiki ni kikao cha taaluma. Bawabu hana sauti hapa."

"Kanuni inasema shahidi yeyote," Mama Ubora akajibu. "Mzee, karibu, kaa."

"Nitasimama," Mzee Funguo alisema. Alieleza maneno machache, bila kupamba. Alipofika kwenye wino alioona, aliitazama kofia yake. "Niliona nikanyamaza. Hilo ni langu. Karani hakunituma kunyamaza."

Kila mtu alimtazama karani. Alikuwa mtu wa makamo mwenye mabega yaliyoinamia kompyuta kwa miaka mingi, na kwa muda ilionekana kwamba angekana. Kisha akashusha pumzi. "Kopi yangu ilikuwa na majina arobaini," alisema. "Vitabu vikawa hamsini na kimoja. Nikadhani vile vya ziada ni vya ukumbi wa jirani vimechanganyika. Nikasema kesho nitauliza. Kesho yake zikaja karatasi za idara nyingine mbili. Nina idara sita, niko peke yangu, nimeandika barua tatu kuomba msaidizi." Alimtazama mkuu wa idara, ambaye alitazama dari. "Meza ikajaa. Nikasema vitoke kwanza machoni. Vitupu havikuwa, nilijua. Ile C niliyomuahidi mzee... niliona aibu, basi. Nilitaka aibu iishe."

Binti alikuwa amejiandaa kumchukia mtu huyu tangu Jumatatu iliyopita, akaona chuki inamponyoka. Haikumpendeza, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Waliteremka wote hadi stoo ya chini. Mzee Funguo alifungua, akarudi nyuma hatua tatu, mikono ikionekana. Furushi lilikuwa nyuma ya spika mbovu na ndoo ya kudekia. Mwakilishi wa wanafunzi alihesabu kwa sauti huku Mama Ubora akiandika namba moja moja: kumi na kimoja. Kimoja kilikuwa kimetafunwa pembe.

"Hicho changu," Babu alisema. "Hata panya ameonja takwimu akaona ngumu."

Walicheka wote, hata karani. Wastani peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika kitabu kimoja anakifunuafunua. "Unajua niliwaza nini nilipopewa arobaini?" alimwambia Mama Ubora. "Darasa la takwimu, mimi mwenyewe nawafundisha kuhesabu. Nikawaza, mwaka huu wachache, afadhali. Nikashukuru Mungu." Alifunga kitabu. "Vipeni namba za siri, mnifichie majina. Nitasahihisha leo na kesho, na mwenzangu apitie baada yangu."

Kabla ya kutawanyika Mama Ubora aliandika maazimio mawili, na mkuu wa idara akayasaini bila kupenda sana: vitabu vitahesabiwa ndani ya ukumbi, mbele ya wanafunzi, na idadi itaandikwa kwenye karatasi ile ile ya mahudhurio, pande zote mbili, na karani atapewa msaidizi kabla ya muhula mpya. La kijitabu cha kanuni alilishughulikia mwenyewe. Jioni ile ile kilikuwa kimebandikwa kantini, juu ya bei za chai, mahali ambapo hakuna mwanafunzi asiyepatazama.

Jumanne asubuhi mkuu wa walinzi alimwita Mzee Funguo, akamvua ile pete, akampangia lango la nyuma, lile wanalopitia malori ya mchanga na magari ya taka. Sababu hakuambiwa. Alirudi nyumbani akiwa hasikiki, na msusi, aliyezoea kuinjika chai akisikia mlio wa funguo, alimkuta amesimama nyuma yake jikoni. Alimkumbatia pale pale, mikono ikiwa na mafuta ya nywele.

*

Alhamisi saa nane mchana Wastani mwenyewe alikuja na karatasi, akaibandika, akabaki amesimama kando badala ya kukimbia. "Mwenye swali juu ya alama yake," alisema, "kitabu kiko ofisini kwangu, aje tukifungue pamoja." Jambo hilo halikuwahi kusikika pale chuoni.

Binti alifuata namba yake kwa kidole. Sitini na nne. B. Alirudia kusoma mpaka akaamini, kisha akacheka na kulia kwa pamoja, bila aibu, kwenye korido iliyojaa watu. Alimpigia msimamizi wa maabara. "Matokeo kamili?" sauti ya upande wa pili iliuliza. "Kamili, bosi. Hakuna hadithi." Msichana mwenye mjomba wa tiketi alipata hamsini na nane, akamrukia shingoni.

Babu alikuwa ameingia ofisini kwa Wastani. Alikaa humo kama robo saa. Alipotoka alimwambia binti, "Twende kwa baba yako. Nina deni la asante pale."

Lango la nyuma lilikuwa na kibanda cha mabati na kiti kisicho na mgongo. Mzee Funguo alikuwa anaandika namba ya lori kwenye daftari. Alipomwona binti yake alisimama wima na hakuuliza kitu, maana aliogopa kuuliza.

"Sitini na nne, Baba."

"Zako?"

"Zangu zote."

Mzee alimshika kichwa kwa mikono miwili, akampaka vumbi la mchanga kwenye nywele alizosukwa na mama yake. Alitaka kusema kitu juu ya ile C na zile asante tatu, na binti akamwambia, "Najua, Baba. Yaache." Dereva wa lori alipiga honi. Hakuna aliyemsikiliza.

Kisha mzee alimgeukia Babu kwa furaha. "Na wewe, ndugu yangu? Ngapi?"

"Thelathini na moja. Nimefeli."

Furaha ya Mzee Funguo ikasimama. Aliweka mkono begani kwa yule mwanamume mzima. "Pole sana. Pole. Kweli nimewasumbua bure."

"Usinipe pole, mzee wangu," Babu alisema. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikuwa anatabasamu. "Nimekaa na mwalimu, tumefungua ukurasa kwa ukurasa. Nimeona nilipopotea. Swali la pili nilianza vizuri, nikaharibu katikati. Mtihani wa marudio ni wiki tatu zijazo; mwenye kistari haruhusiwi, lakini aliyefeli ana haki ya kuufanya. Miezi minne kwenye kompyuta nilikuwa mtu ambaye hakutokea. Juzi watoto wangu waliniuliza, baba, ulikwenda wapi siku ile? Leo nitawaambia nimefeli. Aliyefeli alikuwepo."

Mzee Funguo alimtazama, akatikisa kichwa taratibu, akamshika mkono na hakuuachia upesi.

"Mama," alimwambia binti yake, "huyu utamfundisha. Kesho ukipata nafasi, mwanzie."

Binti alikuwa ameshaokota kipande cha boksi kando ya kibanda na anakipangusa mchanga.

"Kesho ya nini, Baba?" alisema. "Babu, kaa hapo. Swali la pili lilisemaje?"